Grisi ya pini za kalipa: ulizeni mpira, msiulize chuma

Vijana wangu, nikiona mtu anachota grisi ya beringi kwa kidole akiielekea pini ya kalipa (kalipa ndiyo inayobana pedi za breki kwenye diski, na pini ndizo inazotelezea), hunijia hamu ya kumnyang'anya kopo nikimbie nalo. Juzi nimeona tena, na aliyefanya hivyo ni fundi mzuri tu, mwenye mikono mizuri na akili timamu. Kalipa yake ilikuwa inaning'inia kwa hozi pia. (Fungeni kwa waya, jamani, hozi si kamba.) Nilipomuuliza, akanijibu bila wasiwasi: "Bosi, grisi si grisi tu?" Hapana. Njooni tukae.

1. Grisi ya pini huchaguliwa kwa ajili ya mpira. Pini yenyewe ni chuma kinachoteleza ndani ya chuma. Ungeipaka karibu chochote, na siku hiyo ingeteleza. Kesi iko kwa majirani zake: mpira wa vumbi unaoishika shingoni na, kwenye kalipa nyingi, kibushi cha mpira kwenye ncha ya pini moja. Mipira mingi ya breki ni EPDM, aina ya mpira wa sintetiki, kwa sababu huo unapatana na mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4. Ila EPDM na mafuta ya petroliamu haviivi chungu kimoja. Mpira huyanywa, ukavimba, ukalainika. Na grisi ya kawaida ya lithiamu, kama ile ya beringi, ni mafuta hayo hayo yaliyogandishwa kwa sabuni.

Basi tumieni grisi ya silikoni, au ya sintetiki ambayo kopo lake linataja waziwazi pini za kalipa na mpira wa EPDM. Ile nyekundu ya mpira, inayotokana na mafuta ya mbarika, haina ugomvi na mpira, na huwa naiweka kwa ajili ya kukusanya sili ya pistoni, ile inayosukuma pedi. Kopo likisema "matumizi yote", lirudisheni rafuni.

2. Grisi ya shaba. Hapa naona aibu, lakini bora mnicheke mimi kuliko mrudie.

Nilipokuwa mgeni kwenye breki niliipenda sana. Kopo liliandikwa kwamba inavumilia joto la zaidi ya nyuzi 1,000, na breki ni joto, hivyo kichwani mwangu hesabu ikawa imekamilika. Sikujua kwamba kinachovumilia joto hilo ni chembe za shaba. Mafuta yanayozibeba huondoka mapema mno, na kabla hayajaondoka huwa yameshaingia kwenye mpira. Gari la mama mmoja lililetwa kubadilishwa pedi za mbele, nikazipaka pini zote kwa ukarimu, nikajisifu.

Likarudi likinuka kuungua, rimu moja haishikiki kwa joto. Nikafungua: pedi ya ndani imekwisha, ya nje bado nene. Nikatamka kwamba pistoni imekwama. Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Nilipoirudisha pistoni kwa klempu iliingia laini, bila kugoma hata kidogo. Mkono ulikuwa unaniambia pistoni ni nzima, mdomo ukaendelea kusema pistoni. Pedi ya ndani inaweza kuisha vile pistoni isiporudi, na vilevile pini isipoteleza. Ningeondoa pedi nikaisukuma kalipa huku na huku kwa mikono, ningejua papo hapo. Sikuisukuma. Nikabadilisha sili, nikatoa upepo kwenye mafuta ya breki, nikamlipisha yule mama, kisha kwa uangalifu mkubwa nikazipaka pini shaba upya.

Likarudi tena. Safari hii pedi imefika kwenye chuma, na diski ina mifereji unayoihisi kwa ukucha. Pini ya chini haikutoka kwa mkono. Niliizungusha kwa koleo huku navuta, ikaja kwa shida, na kibushi cha nchani kilikuwa kimenenepa hadi kulijaza tundu lote. Nikakiweka kando ya kipya nikavibonyeza kwa ukucha: kipya kilirudi umbo lake, kile cha zamani kikabaki na alama. Mkubwa wangu alikuja akalitazama kopo la shaba, akanitazama mimi, akaenda kuagiza diski kwa fedha ya gereji. Yule mama hakunifokea. Aliniuliza tu kama sasa anaweza kuwapakia watoto.

3. Pini mbili za kalipa moja si lazima zifanane. Yenye kibushi ina tundu lake, na ukiibadilishia nafasi unaweza kukwamisha kalipa hata kwa grisi bora kuliko zote. Wekeni alama kabla ya kuchomoa. Wapo wanaoniambia wanakumbuka. Hao ndio ninaowakuta baadaye wamechuchumaa na simu, wakitafuta picha ya upande wa pili wa gari.

4. Paka tabaka jembamba. Najua mnapenda kujaza. Tundu la pini lina mwisho, na grisi ikijaa humo hewa hukosa njia, pini inasukumwa nje, kalipa inakataa kukaa mahali pake. Ile bapa mnayoiona ubavuni mwa baadhi ya pini ni njia ya hewa, msiizibe. Ukiisukuma pini hadi mwisho nayo ikarudi kwa nguvu, umejaza. Chomoa, futa, anza upya bila kuninung'unikia.

5. Mengine kwa haraka, maana gari linasubiri. Toeni grisi yote ya zamani, na tundu lisafishwe kwa brashi na dawa ya kusafishia breki, maana hamjui aliyetangulia alipaka nini. Pini yenye vishimo vya kutu ibadilishwe; msasa unaondoa ile ngozi ya juu inayozuia kutu, na kutu hurudi kwa kasi zaidi. Mpira wa vumbi uliochanika usionewe huruma, maji huingilia hapo. Bolti za pini zifungwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, si kwa kipimo cha mgongo wako. Na zipo kalipa ambazo pini hupita ndani ya bushi ndefu ya mpira, na mtengenezaji anataka ziachwe kavu: hizo safisha, rudisha, nyamaza.

Kopo la silikoni linakaa droo ya juu. Aliyelichukua kupaka bawaba za mlango wa stoo alirudishe leo. Bawaba zingeridhika kabisa na ile ya beringi.