Maziwa yako yana karibu kila kitu, ila vitamini D ni kidogo

Dada wa Moshi, umeuliza kama mtoto wa miezi 3 anayenyonya tu anaweza kupungukiwa vitamini. Anaweza, hasa vitamini D. Maziwa ya mama huwa nayo kidogo sana hata ukila vizuri. Usiache kunyonyesha, tafadhali! Kinachonitia hofu ni hii baridi ya Julai: mawingu yamefunika mlima, mtoto kaviringishwa mablanketi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, jua haligusi ngozi yake kabisa, na ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua. Ukienda kliniki kupima uzito, mwulize daktari matone ya vitamini D. Kiasi cha kawaida ni yuniti (IU) 400 kwa siku. Ukiona vifundo vya mikono vinanenepa, mpeleke mapema, matege, yaani mifupa kulainika na kupinda kwa kukosa vitamini D, huanza hivyo.