Kabla Hujalihamishia Kundi Lenu Telegram

Kila msimu wa parachichi ukikaribia, kwenye kundi letu la wakulima wa Rungwe lazima atokee mtu wa kusema, “Jamani, WhatsApp imetuchosha, twendeni Telegram.” Mimi ndiye admini, hivyo lawama zote zinaishia kwangu. Ushauri wangu kwa admini mwenzangu: wahame wanaohitaji kuhama, ila bei ya kilo ibaki pale wazee walipo.

Hoja za wanaotaka kuhama zina uzito. Kundi la WhatsApp mwisho watu 1,024. La Telegram linafika 200,000. Tena mgeni akiingia Telegram anaweza kusoma mafaili na mazungumzo ya nyuma, kwa hiyo hatuulizwi kila mara miche ya parachichi aina ya Hass inapandwa umbali gani. Ile ya “simu imejaa picha” siikubali. Ingia kwenye mipangilio, zima upakuaji wa picha, basi.

Kwenye usiri ndipo wengi wanapochanganya. Wanadhani Telegram ndiyo yenye siri zaidi. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp, hata wa kwenye makundi, umefungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Makundi ya Telegram hayana ulinzi huo. Uko kwenye mazungumzo ya siri ya watu wawili tu. Telegram inashinda kwa jingine: unaweza kuficha namba yako ya simu. Na wale wa “ile hela itume kwenye namba hii” tunawajua. Orodha ya namba za wakulima waliotoka kulipwa, kwao ni mavuno.

Sasa wazee. Mzee mwenye miti yake kule Masoko si mtu wa kusoma meseji. Anatuma sauti, mara nyingi “ndaga fijo” tu, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. WhatsApp alifundishwa na mjukuu ambaye alishaondoka kwenda Dar. Huyo akiachwa nyuma, dalali atamkuta peke yake na kumpangia bei. Kwa hiyo usiitishe kura ya “tuhame, tusihame?” Vijana watajaza vidole gumba, wazee watakaa kimya, nawe utadhani wamekubali. Weka kitu chenye faida Telegram peke yake, tuseme picha za magonjwa ya majani, halafu uone nani atakifuata bila kupigiwa simu. Kwetu walikwenda wenye vitalu vya miche na maofisa ugani. Wenye miti mingi hawakuonekana.

Basi Telegram tukaiachia maelezo ya kilimo, bei zikabaki WhatsApp. Kuwa na pa pili kunasaidia pia: Oktoba 4, 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa saa kama sita duniani kote. Kiungo cha Telegram kiweke kwenye maelezo ya kundi. Namba za wazee ziandike kwenye daftari, bei ikibadilika umpigie mmoja. Wengine atawaambia yeye kilabuni.