Kompresa ya lita 50 yatosha kupiga rangi gari?

Swali: Nanyoosha bodi na kupiga rangi nyumbani, Ngamiani, Tanga. Kompresa ya lita 50, nguvu ya farasi 2, itanitosha?

Jibu: Kujaza matairi, ndiyo, rangi ya boneti nzima, hapana. Usitazame tangi kwanza, ulizia lita za upepo zinazotoka kwa dakika. Bunduki nyingi za rangi hula 300 hivi. Kompresa yako hutoa kama nusu, presha hushuka, rangi hutoka matone matone. Tafuta farasi 3 au 4, tangi lita 100 kwenda juu.

Halafu unyevu wa pwani, hapo ndipo kazi nyingi huharibika! Maji yakifika kwenye bunduki, rangi hutoa malengelenge. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni. Kichujio cha maji kifunge mita 7 hivi kutoka kwenye kompresa, upepo ukishapoa. Ukiwa bado moto, mvuke hupenya.