Seva mbili, hifadhi moja: nitenge vipi nodi iliyokwama?

Swali: Ninasimamia klasta ya seva mbili (kila seva huitwa nodi) zinazoendesha hifadhidata ya PostgreSQL chini ya Pacemaker, programu inayohamisha huduma nodi moja ikianguka, zikitumia diski za pamoja za SAN (mtandao wa hifadhi). Nimeshauriwa nizime STONITH (utaratibu wa kuitenga kwa nguvu nodi iliyokwama, kwa kawaida kwa kuizima) kwa sababu kura za Corosync, programu ya mawasiliano kati ya nodi, zinatosha. Je, ni kweli? Kama si kweli, nichague IPMI (kidhibiti cha mbali kilicho ndani ya seva), PDU (kigawa umeme kinachozima soketi kwa mbali) au SBD (utengaji kupitia diski ya pamoja)?

Jibu: Hazitoshi. Kura huamua ni upande upi wenye haki ya kuendelea na kazi, lakini haziizuii nodi iliyopoteza haki hiyo kuandika kwenye diski. Kwako hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kigezo cha two_node cha Corosync huiruhusu nodi iliyobaki peke yake ijione ina kura za kutosha. Mawasiliano yakikatika kati ya seva zako, zote mbili zitajihesabu kuwa ndiyo iliyosalia.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba nodi iliyonyamaza imekufa. Huenda imeganda kwa muda tu, na ikizinduka itamalizia kuandika data iliyokuwa nayo mkononi bila kujua kwamba nodi ya pili imekwishafungua mfumo uleule wa faili. Mifumo ya faili ya ext4 na XFS haikubuniwa iandikwe na seva mbili kwa wakati mmoja, na uharibifu unaotokea hapo hautibiwi kwa kuwasha upya. Wapo pia wanaosambaza skripti za kuzima nodi kupitia SSH, yaani kwa kuiagiza nodi yenyewe ijizime, jambo ambalo ni sawa na kumpigia simu aliyezirai ili umwulize kama amezirai.

Anza na IPMI, ukijua kasoro yake: kidhibiti chake hutegemea umeme wa seva ileile, hivyo seva ikikosa umeme kabisa hakitajibu, na Pacemaker, kwa haki kabisa, itakataa kuhamisha huduma. Kwa hiyo weka PDU kuwa ngazi ya pili, na ikiwa seva ina pawasaplai mbili, soketi zote mbili zizimwe kabla ya yoyote kuwashwa tena. SBD nayo inakufaa kwa kuwa SAN unayo, ilimradi kuna watchdog ya maunzi (kipima muda kinachoiwasha upya seva iliyoganda), si ile ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, peke yake. Vilevile ucheleweshe utengaji dhidi ya nodi moja kwa kigezo cha pcmk_delay_base, zisije zikazimana zote.

Jihadharini na miongozo inayowaachia stonith-enabled=false ili maonyo yapotee kwenye skrini. Red Hat na SUSE hazitoi msaada kwa klasta isiyo na utengaji, na sababu si urasimu. Wala jaribio la kuzima seva kwa amri ya kawaida halithibitishi kitu, kwa kuwa nodi inayoaga vizuri haihitaji kutengwa. Chomoeni kebo ya mtandao wa klasta, iangusheni kerneli kwa makusudi, kisha msome logi za Pacemaker muone kama utengaji ulithibitishwa kabla huduma haijawashwa upande wa pili.