Maswali ya Wasomaji: Namna ya Kueleza Aina Mpya ya Mpichi

Swali: Katika shamba langu la matunda umeota mpichi kutokana na kokwa lililodondoka, na matunda yake hayafanani na ya mti uliozaa kokwa hilo. Huiva mapema, ni mekundu na ni matamu sana. Ningependa kuandika maelezo yake ili itambuliwe kuwa aina mpya. Niandike nini?

Jibu: Ndugu msomaji, sifa tatu ulizozitaja, yaani kuwahi kuiva, wekundu na utamu, zinaweza kusemwa juu ya aina nyingi za mapichi zilizopo tayari, kwa hiyo hazitoshi kuutambulisha mti wako. Maelezo ya aina mpya hufaa pale tu mtu ambaye hajawahi kuuona mti huo anapoweza kuyachukua, akapita katikati ya mipichi mingine na kuutambua bila kuonyeshwa.

Hata hivyo, kabla ya kuandika lolote, kata vijiti vya matawi yake uvibebeshe kwenye miche mingine, kisha usubiri miti hiyo izae. Mti mmoja hauthibitishi kitu, kwa sababu utamu na kuwahi kwa matunda yake vinaweza kuwa vimetokana na udongo, na jua au na umri wake. Sifa zikijirudia kwenye miti iliyobebeshwa, hapo ndipo unapoweza kusema kuwa ni za aina yenyewe. Usitumie makokwa kwa kazi hii. Mpichi kwa kawaida hujichavusha wenyewe, na kwa hiyo miche ya kokwa hukaribiana na mzazi kwa sura, lakini haiwi nakala yake, kama mti wako mwenyewe unavyoonyesha.

Jambo la pili ni kuchagua aina inayojulikana na kuipanda kando ya miti yako iliyobebeshwa, zote zikibebeshwa juu ya miche ya mizizi ya aina moja na kwa matunzo yale yale. Kwa miaka mingi waandishi wa maelezo ya mapichi wamepima wakati wa kuiva kwa kutumia Elberta, aina iliyopatikana Georgia, Marekani, katika miaka ya 1870, na baadaye Redhaven, iliyotolewa Michigan mwaka 1940. Ukiandika kwamba matunda yako huiva mwezi fulani, msomaji wa sehemu nyingine hapati faida. Ukiandika kwamba huiva siku kadhaa kabla ya Redhaven iliyopandwa hapo hapo, anajua mara moja uiweke wapi aina yako. Taja pia tarehe ya maua kuchanua kikamilifu na tarehe ya kuvuna. Kama unaweza, kadiria saa za baridi ambazo mti unahitaji ili uchipue vizuri, yaani saa ambazo hewa huwa chini ya nyuzi 7.2 za Selsiasi. Zipo aina zinazotosheka na saa chini ya 200 na nyingine zinazohitaji zaidi ya 1,000.

Kuhusu tunda, nakuomba uwe mwangalifu zaidi kwenye rangi, kwa kuwa hapo ndipo maelezo mengi huharibika. Ngozi ya pichi ina rangi mbili zinazopaswa kuandikwa mbalimbali. Rangi ya msingi hutoka kijani ikaelekea manjano au maziwa kadiri tunda linavyokomaa, na ndiyo inayoonyesha kuiva. Wekundu ulio juu yake hutegemea sana mwanga wa jua. Unaweza kuenea kabla tunda halijaiva, na tunda lililofichwa na majani likabaki na wekundu kidogo ingawa limeiva kabisa. Kwa hiyo chukua matunda kutoka pande zote za mti, andika ni sehemu gani ya ngozi iliyofunikwa na wekundu, na kama umetandaa au uko kwa michirizi, kisha linganisha kila rangi na chati ya rangi inayotambulika, kama ile ya Royal Horticultural Society ya Uingereza, ukitaja namba yake. Neno "jekundu" peke yake kila mtu ana lake.

Baada ya rangi, pima uzito, urefu na upana wa matunda kadhaa, ukisema kama mti ulipunguziwa matunda machanga, kwa sababu mti ulioachiwa matunda yote huzaa madogo. Eleza umbo, mfereji wa ubavuni, ncha, shimo la kikonyo na wingi wa manyoya. Ukilipasua, sema nyama ni nyeupe au ya manjano, na kama ina wekundu karibu na kokwa. Sema pia jinsi inavyolainika: ipo nyama inayoyeyuka ikiiva, ipo inayobaki na ukakamavu na kupendwa na viwanda vya kusindika, na ipo ile ngumu ambayo hutoa kidogo mno gesi ya etilini, ile inayoharakisha kuiva, hata ikikomaa. Kama kokwa linaachia nyama au linaing'ang'ania, taja lilijaribiwa katika kiwango gani cha kuiva, kwa kuwa yapo matunda ambayo kokwa huachia mwishoni tu. Utamu nao upimwe kwa refraktomita, yaani kifaa cha kukadiria sukari katika maji ya tunda, na kuandikwa kwa digrii za Brix, ambazo ndizo kipimo cha sukari hiyo, pamoja na kipimo cha asidi, kwani tunda lenye asidi ndogo huonekana tamu hata likiwa bado gumu.

Swali: Katika maelezo ya mipichi nimeona zimetajwa tezi za majani. Zina umuhimu gani?

Jibu: Ni uvimbe mdogo ulio kwenye kikonyo cha jani na pale ubapa wake unapoanzia. Katika aina fulani huwa wa mviringo, katika nyingine wenye umbo la figo, na katika chache haupo kabisa. Umuhimu wake ni kwamba umbo hilo ni la kurithi, kwa hiyo husaidia kutofautisha miti hata isipokuwa na matunda. Na kwa mkulima, mipichi isiyo na tezi hushambuliwa zaidi na ukungu mweupe wa majani. Maua nayo husaidia vivyo hivyo: yapo yenye petali pana zilizotandaa na yapo madogo ya umbo la kengele. Chunguza pia chavua, kwa maana aina kama J. H. Hale haina chavua hai na lazima ipandwe karibu na nyingine.

Swali: Je, mti ulioota wenyewe unaweza kulindwa kisheria?

Jibu: Unaweza. Mkataba wa UPOV, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, uliopitishwa Paris mwaka 1961, humtambua pia mtu aliyegundua aina na kuiendeleza, ilimradi aina hiyo iwe mpya, iwe tofauti na zinazojulikana, ifanane mti kwa mti, na idumu ikizalishwa tena. Kwa mujibu wa toleo la 1991, ulinzi wa miti hudumu angalau miaka 25. Marekani hutoa pia hataza (patenti) ya mimea chini ya sheria ya 1930, kwa miaka 20 tangu ombi liwasilishwe, kwa mimea inayozalishwa bila mbegu. Usiuze miche wala matunda kabla ya kuuliza mamlaka ya nchi yako, maana mauzo ya mapema yanaweza kuondoa sifa ya upya.

Swali: Tawi moja la mpichi wangu limezaa matunda yasiyo na manyoya. Je, yamechanganyika na plamu?

Jibu: Hapana. Hizo ni nektarini, ambazo ni mapichi kamili yaliyokosa manyoya kwa sababu ya jeni moja, na badiliko kama hilo huweza kutokea kwenye tawi moja tu. Bebesha vijiti vya tawi hilo peke yake. Iwapo miti yote itaendelea kuzaa matunda laini kwa misimu kadhaa, ieleze kama aina. Manyoya yakirudi hata kwenye tawi moja, sifa hiyo bado haijatulia na ombi lisubiri.