Nimeanza Kriminolojia, Nijiandae Vipi?

SWALI: Mhariri, niko mwaka wa kwanza wa shahada ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, hapa Nairobi. Nifanye nini mapema ili nisihitimu na cheti kitupu?

JIBU: Mwanangu, anzia mahakamani. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kusikilizwa hadharani, kwa hiyo kesi nyingi ziko wazi kwako. Zima simu, keti nyuma na daftari, uandike shahidi alisema nini hasa, kisha jioni usome hukumu za kesi zinazofanana kwenye tovuti ya Kenya Law, ambayo haitozi malipo. Tenganisha ulichokiona na unachokidhani: “mkono wake ulitetemeka” umekiona, “alikuwa akidanganya” ni dhana yako, na hapo ndipo ripoti nyingi za wanafunzi huharibika.

Takwimu usizikwepe, ila jua mipaka yake. Jedwali la polisi huhesabu makosa yaliyofika kwao tu, ilhali ubakaji mara nyingi hauripotiwi.

Muda wa mafunzo kwa vitendo ukifika, ningependa uombe nafasi katika ofisi ya probesheni (uangalizi wa wakosaji nje ya gereza), ambako maafisa huwahoji wakosaji na familia zao kabla ya kuiandikia mahakama ripoti. Siri utakazozisikia humo zisitoke nje, hata kwa rafiki.