Waache wabishane kwanza, insha itafuata

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Kigoma, na kila ninaposahihisha insha za fasihi nakutana na sentensi ileile: "Kwa ujumla mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kimaudhui na kifani." Sarufi haina kasoro. Shida yake ni kwamba hakuna binadamu anayeweza kuibishia. Badilisha jina la kitabu, weka kingine chochote, sentensi inabaki palepale. Mtoto kaitoa kwenye madesa, yale maelezo ya kukariri, yaliyotolewa kopi mpaka maandishi yamefifia, na aliyeandaa madesa naye kaitoa kwa mwingine.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu, na kwa mzazi anayemsaidia mtoto jioni, ni huu: usimfundishe mwanafunzi muundo wa insha ya hoja kabla hajapata jambo la kubishania. Muundo wenyewe hauhitaji zaidi ya kipindi kimoja. Utangulizi unaotaja msimamo, aya moja kwa kila hoja, hoja ya upande wa pili na majibu yake, kisha hitimisho. Wataunakili ubaoni na wataukumbuka. Kinachochukua muda ni kumfanya awe na msimamo wake mwenyewe, na aone kwa macho kwamba mwenzake mwenye akili timamu, aliyesoma hadithi hiyohiyo, anao mwingine.

Ndiyo maana naanza na hadithi fupi, tena fupi kwelikweli, ya ukurasa mmoja. Riwaya nusu ya darasa hawajaimaliza, na vitabu vyenyewe wanagombania. Hadithi ya ukurasa mmoja naiandika kwenye karatasi ya manila, naibandika ukutani, tunaisoma kwa sauti, na mtu akidai jambo namwambia anyanyuke akatuoneshe mstari.

Ninayoitumia zaidi niliitunga mwenyewe. Mama mjane anaanika dagaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, na ndiye kijumbe, yaani mkusanyaji wa fedha, wa upatu wa wanawake wenzake wanaochanga na kupokea kwa zamu. Mwanawe kachaguliwa kwenda Kidato cha Tano Tabora, treni inaondoka usiku huo, na nauli haipo, godoro halipo. Mwezi umejaa juu ya ziwa. Mama anafungua kopo alimoweka fedha za upatu, anazihesabu mara mbili, anazifunga kwenye pindo la kanga na kumpelekea mtoto stesheni. Anajiambia mitumbwi ikitoka ataziba pengo. Ijumaa wenzake wanakutana, na aliyefikiwa na zamu ana mgonjwa ndani. Kijumbe anasema, "Nimezisahau nyumbani, nazifuata." Anatoka. Hadithi inaishia hapo.

Swali ninalouliza: je, mama huyu ni mwizi?

Siulizi "jadili dhamira" wala "eleza tabia za mhusika mkuu". Hayo yana majibu ambayo darasa zima litaitikia kwa pamoja kama kwaya. Siulizi pia kama mama anampenda mwanawe, kwa sababu hakuna atakayekataa. Swali likishaligawa darasa, kazi yako imepungua nusu. Wa "ndiyo" wanahamia upande wa madirisha, wa "hapana" upande wa mlango, wasiojua wanabaki katikati, na ni ruksa kuhama ukishawishika. Mimi nakaa nyuma. Watoto wetu wamelelewa kutombishia mkubwa, na nyumbani ni malezi mema, lakini ukisimama mbele watakusoma uso kabla ya kusoma hadithi. Nimewazoesha kusema, "Madamu, naomba nitofautiane nawe." Mwanzoni wanacheka. Baadaye wanaitumia mpaka unachoka.

Sheria ni moja tu: usiseme neno bila kuonesha sentensi.

Hapa ndipo penye kazi. Kijana mmoja alisimama akamtetea mama kwa nguvu zote: hakuwa na la kufanya kwa sababu ziwa lilikuwa limefungwa. Wote tulijua alikolitoa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na kwa watu wa mwaloni ile miezi ilikuwa mirefu. Lakini mwenzake akamuuliza, "Kwenye karatasi imeandikwa wapi?" Akaenda ukutani, akasoma, akarudi kukaa. Kwa jambo hilo sikuongeza somo lolote. Maisha ya mtaani yanakusaidia kuielewa hadithi, ila hayawezi kusimama badala yake.

Tofauti yake ilionekana wiki hiyohiyo. Binti ambaye kwao ni wavuvi aliunyooshea kidole ule mstari wa mwezi kujaa, ambao mimi niliutia kwa ajili ya kupamba tu. Akaeleza kuwa dagaa wanavutwa na taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hiyo mitumbwi inapumzika siku kadhaa hadi giza lirudi. Mama aliyezeekea kwenye kuanika dagaa anajua hilo kuliko sisi. Alichukua fedha mwezi ukiwa umejaa, na Ijumaa iko karibu. Sasa pengo angeliziba kwa dagaa gani? Watu wanne walihama kutoka mlangoni kwenda madirishani bila kuambiwa.

Naye alitumia ya mtaani, ila aliyafunga kwenye sentensi iliyomo. Nilimwambia jambo moja tu: ukiandika, usidhani msahihishaji anayajua hayo. Anaweza kuwa mtu wa Tabora, anayejua asali na tumbaku, na mwezi kwake ni wa kutembelea usiku. Mweleze kwa sentensi moja, kisha songa mbele.

Ubishi mkali zaidi huwa kwenye "anazihesabu mara mbili". Upande wa mlango unasema: anahesabu ili arudishe kamili, mwizi hahesabu deni lake. Upande wa madirisha unasema: anahesabu mara mbili kwa sababu mkono unasita, anajua si zake. Maneno matatu, pande mbili, na wote wako sahihi kuyashika. Wakifika hapo nawasimamisha na kuwaambia watoe madaftari, kwa sababu wameshajionea kuwa ushahidi hausemi wenyewe. Inabidi mtu auseme.

Sasa kuandika. Rasimu za kwanza zitakukatisha tamaa, usishangae. Mtoto aliyebishana kama wakili, akishika kalamu anageuka msimulizi:

"Mama alikuwa maskini. Mwanawe akachaguliwa kwenda Tabora, akakosa nauli. Mama akafungua kopo, akachukua fedha za wenzake, akampa. Dhamira inayojitokeza hapa ni umaskini."

Usimwandikie "simulia kidogo, jadili zaidi" kwa wino mwekundu. Hajui maana yake. Mwambie achukue penseli azungushie kila -ka-. Akachukua, akafungua, akampa. Aya ikijaa miduara, bado anahadithia. Kisha mtake aianze aya kwa kauli ambayo jirani yake anaweza kuikataa, na atumie walau "kwa sababu" moja na "ijapokuwa" moja. Ni ushauri wa kifundi mno, najua, na wenzangu wananitania kwa hilo, lakini unafanya kazi kwa mtoto wa wastani kuliko mhadhara wowote kuhusu fikra tunduizi. Aya hiyohiyo, baada ya penseli:

"Mama huyu aliiba, ijapokuwa alikusudia kurudisha. Hadithi inasema mwezi ulikuwa umejaa. Mwezi ukijaa mitumbwi ya dagaa haitoki, kwa sababu taa hazivuti dagaa kukiwa na mwanga. Kwa hiyo alijua kuwa hadi Ijumaa hatakuwa na kitu. Ahadi aliyojipa ilikuwa ya kutuliza roho yake, si ya kuwalipa wenzake."

Huyo si yule binti. Ni kijana aliyekuwa katikati siku ya ubishi, aliyesikia na kuchukua. Wapo watakaosema ameiba hoja. Mimi sioni tatizo, maana ile sentensi ya mwisho ni yake.

Hoja ya upande wa pili ndiyo wanayoibananga zaidi. Wanaandika "wapo wanaosema mama si mwizi lakini wanakosea", basi, wamemaliza. Dawa niliyoipata ni ndogo: iandike hoja ya mpinzani wako, mpelekee, na asipokubali kuandika pembeni "ndiyo, hivi ndivyo nilivyosema", irudie. Zogo linakuwa kubwa, mwalimu wa darasa la jirani atakuja kuchungulia. Mvumilie.

Mwalimu wa taaluma wa shule atakuuliza: mtihani wa taifa unauliza "thibitisha kauli hii kwa hoja tatu kutoka kila kitabu", haya mabishano ya nini? Ni swali la haki. Kwenye "thibitisha" upande umeshachaguliwa, huna pa kuhamia. Lakini hoja tatu bado zinatakiwa, na kila moja inataka mahali maalumu ndani ya kitabu pamoja na maelezo ya kwa nini mahali hapo panathibitisha. Anayetegemea madesa ana hoja tatu zenye sura moja: umaskini, umaskini uliokithiri, na athari za umaskini. Kwa hiyo mimi hufanya hadithi ya ukutani mwanzoni mwa muhula, mara chache tu, kisha tunaingia kwenye vitabu teule tukiwa na kanuni ileile ya kuonesha mstari. Ukianza nayo Oktoba mtihani ukibisha hodi, utawachanganya. Kidato cha Nne waliochelewa waachie zoezi la penseli peke yake.

Limebaki hitimisho. "Mwandishi amefaulu" nimelipiga marufuku kabisa. Badala yake nawauliza: ni kitu gani kingekuwemo kwenye hadithi, nawe ungebadili msimamo? Wengi wanakuna vichwa. Binti mmoja wa upande wa "hapana" aliandika: "Ningekubali kuwa ni mwizi kama siku ya Ijumaa asingekwenda kabisa. Lakini alikwenda, akakaa nao, akawatazama usoni." Alipowasomea kwa sauti wa upande wa madirisha, mmoja wao akadakia kwamba kuwatazama usoni huku anawadanganya ndiko kubaya zaidi, na kengele ikagongwa hawajamaliza.